Chungu Kilichotazama Ukutani

Simu ya Daktari iliingia Fundi akiwa amezamisha mkono mpaka begani ndani ya tangi la samaki la hoteli, anamsaka konokono aliyeziba bomba. Akaiacha ilie. Ikalia tena. Akaufuta mkono kwenye ovaroli yake ya buluu, akaipokea kwa kidole kilicholowa.

"Amegeuka manjano," sauti ikasema, bila salamu wala hujambo.

"Nani?"

"Jike. Tangu asubuhi. Manjano hasa, na mstari mweusi umempita machoni. Dume akisogea kidogo anafukuzwa mpaka nyuma ya hita. Fundi, si ulisema ikiwa hivyo..."

"Nilisema."

"Basi njoo."

Konokono wa hoteli alisahauliwa palepale. Moyo ulianza kumdunda Fundi kama wa msichana wa shule, naye msichana wa shule hakuwa. Alikuwa mwanamke mzima mwenye duka lake la samaki wa mapambo, mikono iliyochubuka kwa vioo, na jina zuri mjini kwa kazi ya kutengeneza matangi. Lakini ahadi ni ahadi, na hii aliitoa mwenyewe mbele ya shahidi.

Ilikuwa hivi. Daktari wa meno, mgane mpole mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa, alimposa katika chumba cha kungojea cha kliniki yake, Fundi akiwa juu ya ngazi anabadilisha taa ya tangi la pale. Mgonjwa mmoja alikuwa ameketi kando, shavu limekufa ganzi kwa sindano, masikio yakiwa mazima kabisa. Fundi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema: "Siku samaki watakapotaga kwenye tangi la nyumbani kwako, nitakujibu." Mgonjwa akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Aliona mwanamke anajitia kuringa.

Hakuwa anaringa. Samaki wenyewe walikuwa sikilidi vibete, dume hazidi urefu wa kidole cha kati, jike mdogo zaidi, na kwa kudeka hawana mfano. Maji yakiwa na chokaa wananuna. Mwanga ukizidi wananuna. Wakikosa pango la kujificha wanakonda mpaka wanakufa, na hawatagi kamwe mahali wasipopaamini. Fundi alikuwa ameishi nao miaka mingi, na aliwaamini kuliko alivyoamini midomo ya wanaume. Kama nyumba ile ilikuwa na jambo, jike angelijua kabla yake.

Na nyumba ile ilikuwa na jambo.

Njiani alimpigia shangazi yake, aliyemlea tangu wazazi walipomfia.

"Shangazi, anasema jike yuko tayari."

"Na wewe je, uko tayari?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekupigia."

"Sikiliza mwanangu. Na yule mwanamume sina ugomvi, hata meno yangu haya ya mbele yeye ndiye aliyeyaokoa. Ugomvi wangu ni na nyumba yake. Mke amefariki, Mungu amlaze pema. Lakini mama wa mke yumo ndani. Nguo za mke zimo ndani. Kiti cha mke kimo ndani na hakikaliwi na mtu. Sasa niambie, wewe utakaa wapi?"

"Nitasimama."

"Haya, cheka. Na kile chungu je?"

Hapo Fundi hakucheka.

Tangi lile lilikuwa la marehemu. Tangu azikwe lilikaa kavu sebuleni, mpaka Daktari alipomwomba Fundi alirudishie uhai. Akaliosha kwa chumvi. Akabandika karatasi nyeusi mgongoni mwake, maana sikilidi akiona kivuli chake kwenye kioo hudhani ni adui na kugombana nacho siku nzima. Akamwaga mchanga laini kama unga, kwa kuwa samaki hawa huuchota mdomoni, wakautafuna, wakautoa mashavuni. Akaweka kisiki cheusi alichokichemsha mwenyewe, na majani makavu ya kuyatia maji rangi ya chai ya rangi. Maji aliyatega ya mvua, akawa anayaonja kwa ncha ya ulimi kama mpishi. Kisha akakamulia humo sifongo kuukuu ya tangi la dukani, iliyojaa uhai usioonekana, akawasha pampu, akaliacha tangi bila samaki kwa wiki kadhaa ili maji yakomae.

Pango la kutagia lilikuwa chungu kidogo kizito cha udongo, akakilaza ubavu, mdomo wake ukitazama sebuleni. Wateja hupenda hivyo, waone kinachoendelea. Aliporudi kupima maji, chungu kilikuwa kimegeuka, mdomo unatazama ukutani. Akakirudisha. Safari iliyofuata, kimetazama ukutani tena. Na humo hamkuwa na samaki hata mmoja.

Alimuuliza Daktari. "Mimi? Sijatia hata kidole," akasema, na uso wake haukuwa wa mwongo. Alimuuliza mama mkwe wa Daktari. Yule bibi alitabasamu tu na kumkaribisha chai. Shangazi alikuwa ameshaisikia habari hiyo.

"Ukiona mambo hayaeleweki, toka," alisema sasa kwenye simu. "Viatu utanunua vingine."

Mvua ilimkuta Fundi akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa Daktari, ikammwagikia kama iliyomvizia. Alinyanyua mkono abishe hodi. Mlango ukafunguka kabla hajaugusa.

"Nimekuona unakuja," alisema mama mkwe.

Fundi aliyatupia macho madirisha. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia. Umechelewa kurudi leo."

Neno lile lilimpita Fundi kwenye uti wa mgongo. Kurudi? Yeye alikuwa mgeni wa kuja na mfuko wa vifaa. Lakini bibi mwenyewe alikuwa mdogo, msafi, mwenye mikono miepesi na macho ya upole. Utamwambia nini mtu kama huyo? Hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko yote. Wakwe wa wenzake huwanunia na kuwasema. Huyu alimpenda tangu siku ya kwanza, akampa kikombe ambacho wengine hawakuruhusiwa kukigusa, akamwonyesha anapopenda kuweka viatu vyake kabla yeye mwenyewe hajajua anapenda kuviweka wapi.

"Daktari yuko wapi?"

"Yuko ndani, anaoga. Nenda ukawaone samaki wako."

Sebule ilikuwa na giza la mchana wa mvua. Taa ndogo ya tangi ilitoa mwanga wa kahawia, pampu ikikoroma taratibu, mapovu yakipanda. Kushoto kwa tangi palikuwa na kile kiti, cha mbao, chenye mikono miwili iliyong'aa kwa kushikwa. Kwa sababu ya kiti hicho, Fundi na Daktari siku zote waliwalisha samaki kutoka upande wa kulia.

Alichuchumaa. Chungu kilikuwa kimetazama ukutani. Jike wa manjano alichomoza kidogo nyuma yake, akamtazama kwa jicho lenye mstari mweusi, akarudi alikotoka. Hilo lilikuwa jema. Lakini wenzake, dume mwenye mapezi ya rangi ya chungwa, jike wa pili, na vile vijisamaki vya kundi alivyoviweka kuwaondoa woga, wote walikuwa wamejipanga kwenye pembe ya kushoto, pua zimegusa kioo. Walikuwa wanasubiri chakula.

Walikuwa wanakisubiri kutoka kwenye kiti kitupu.

Fundi aligonga kioo kidogo kulia, kama alivyozoea. Hakuna aliyegeuka.

"Umelowa wewe, utaugua," sauti ya bibi ilisema nyuma yake, karibu mno, hakumsikia akija. Kitu kizito chenye joto kikamshukia mabegani. Shali. Manjano, ya manjano iliyoiva, ndefu mpaka magotini.

Palepale tangi likachafuka. Samaki wote waliokuwa kushoto waligeuka kwa pamoja na kumjia mbio, dume mbele, wakajigonga kwenye kioo usoni pake, midomo ikifunguka na kufumba.

"Unaona?" bibi akanong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Wamekujua. Wamemjua mwenye nyumba yao."

Nywele zilimsimama Fundi. Alitaka kusimama. Hapo ndipo aliposikia nyayo za Daktari kwenye korido, zikaja, zikakoma mlangoni. Aligeuza shingo. Daktari alikuwa amesimama na taulo mkononi, macho yamemganda kwenye shali, na usoni mwake mlikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona tangu amjue. Laiti ingekuwa yake, angeitunza maisha yake yote.

Kisha Daktari akaita jina. Alilitamka polepole, kwa mapenzi yote. Halikuwa jina la Fundi.

Umeme ukakatika.

Taa ya tangi ilizimika, pampu ikanyamaza, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi kwamba Fundi alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye nywele zake mwenyewe. Gizani, pua yake ilimwambia kitu ambacho macho hayakumwambia. Shali ilinuka. Haikunuka kabati, wala marashi ya zamani. Ilinuka chakula cha samaki, vile vipande vya kamba wadogo waliokaushwa ambavyo yeye mwenyewe alivileta ndani ya nyumba hii. Harufu mbichi, ya leo au ya jana.

Hofu haikumtoka, lakini kazi yake ilimshika mkono. Samaki hawa aliwazalisha yeye, dukani kwake. Marehemu alikuwa kaburini zamani kabla hawajaanguliwa. Hawakuwa na jinsi ya kumjua. Ila samaki humjua anayewalisha, na wanachokijua kwanza si sura, ni nguo. Hata pale dukani walimkimbilia yeye kwa ovaroli yake. Siku akivaa gauni walimwona mpita njia.

"Daktari," alisema. "Nani huwalisha samaki hawa akiwa amevaa shali hii?"

"Nini? Hakuna mtu. Shali hiyo imefungiwa kabatini. Ufunguo ninao mimi." Alisikika akipapasa mfukoni. "Huu hapa. Sasa imetokaje?"

Kisha pembeni mwa Fundi pakasikika mlio mdogo wa chuma.

"Kabati nilimnunulia mimi," bibi alisema. "Lilikuja na funguo mbili."

"Mama!"

"Kila asubuhi, ukishatoka kwenda kazini. Naivaa, nakaa kwenye kiti chake, nawapa chakula. Mwanzo walikuwa wananikimbia. Siku hizi hata nikipita mlangoni nayo wanakuja."

"Lakini kwa nini, Mama?" Fundi aliuliza.

"Ili siku utakapoivaa wewe, waje. Na yeye aone wamekuja." Bibi alivuta kamasi. "Nilitaka usiwe mgeni humu ndani. Mgeni akiingia kwenye nyumba, vitu vya zamani hutolewa nje. Mimi ni kitu cha zamani, mwanangu. Sina mtoto mwingine. Nikitoka hapa naenda wapi?"

"Umetutisha sisi sote kwa ajili hiyo?" Daktari alipandisha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Unachukua nguo ya marehemu unamvisha mtu? Mama, hii ni akili kweli?"

"Mwache," Fundi alisema.

"Haiwezekani nimwache, amekufanyia..."

"Mama amefundisha samaki. Wewe je, nani alikufundisha? Wewe umeniita nani?"

Mvua iliongezeka kwenye bati la baraza.

"Jina lilinitoka," alisema Daktari hatimaye.

"Najua lilikutoka. Nauliza lilikuwa likikaa wapi."

"Fundi..."

"Nilikuona usoni. Umeniangalia kwa namna ambayo hujawahi kuniangalia hata siku moja. Nikajua mara moja kwamba si mimi uliyekuwa ukimwangalia." Sasa alikuwa amesimama, anajifungua shali. "Shangazi aliniuliza nitakaa wapi. Nikamfanyia mzaha. Kumbe mahali pangu mlishapatengeneza. Niingie tu, nijilaze humo, mpaka nigeuke manjano."

Aliikunja shali, akamwekea bibi mikononi. Akaanza kukusanya vifaa vyake kwa kupapasa: mpira wa kunyonyea maji, wavu, chupa za kupimia. Machozi yalimwenda, na alifurahi kwamba hayaonekani. Alimpenda mtu huyu. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba angeweza hata kukubali. Angeivaa shali ile ili tu aangaliwe vile mara moja tena.

"Usinijibu bado," Daktari alisema gizani. Hakumsogelea. "Nisikilize kwanza, halafu uende kama unakwenda. Nimekosea. Sitasema sikumwona yeye. Nilimwona. Nilimwona kwa sababu namkumbuka, na nitamkumbuka, na ningekuwa mtu wa ajabu kama ningesahau. Lakini mimi sikukuposa ukiwa na shali. Nilikuposa uko juu ya ngazi, ovaroli imechanika kwapani, unaitukana taa."

Fundi alikuwa na wavu mkononi. Hakuutia mfukoni.

"Yeye hakuwahi kuonja maji ya samaki," Daktari aliendelea. "Alikuwa na kinyaa, hata glavu alivaa. Siku ya kwanza nilipokuona unachovya kidole unatia ulimini, nikajisemea huyu mwanamke ana wazimu. Usiku ule nikakosa usingizi. Yeye alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Wewe ukifanya kazi unaimba vibaya, Fundi, unaimba vibaya sana, na nikiwa natoboa jino la mtu nasimamisha mashine ili nikusikie. Wagonjwa wanalalamika. Yeye alinyamaza akikasirika, siku mbili, tatu. Wewe unanifokea palepale, halafu unaniuliza kama nimekula. Nakujua. Hata sasa hakuna taa, sioni shali wala ovaroli, na nakujua uko wapi kwa unavyopumua."

Kisha akamwita jina lake. Si Fundi, lile la nyumbani, ambalo duniani kote lilibaki mdomoni mwa Shangazi peke yake. Hakujua Daktari amelipata wapi. Labda alimuuliza Shangazi huku amemkamata ulimi kwa koleo. Alilitaja kwa woga kidogo, kama anayeweka mguu mahali asipopajua, wala halikuwa na ule utamu wa lile jina la kwanza. Lilikuwa jipya. Fundi alijikuta anapenda kwamba ni jipya.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

Pembeni, bibi alikuwa akilia kwa sauti ya chini, ile ya watu waliozoea kulia peke yao.

"Nitafunga vitu vyangu," alisema. "Nimewaharibia."

"Nani kakwambia ufunge vitu, Mama?" Fundi aliifuata sauti yake mpaka akaupata mkono wake. Ulikuwa baridi. "Ungeniuliza tu. Mimi sina mama. Nina shangazi, naye mkali kama pilipili. Mkikutana nyinyi wawili mimi nimekwisha. Utabaki hapa. Ila shali sivai. Samaki watanizoea na ovaroli yangu, polepole, kama walivyokuzoea wewe. Na kile kiti uwe unakikalia mchana kweupe, tukuone. Kisikae kitupu hivi."

"Si leo," bibi alisema haraka. "Leo si..." Hakuimaliza. Daktari alimwongoza mpaka kwenye kochi lililokuwa kulia, mbali na kiti, naye akaketi na shali mapajani, akiipapasa kama paka.

"Sasa," Daktari alisema, na sauti yake ya kubembeleza wagonjwa ikarudi kidogo, "yule niliyekuitia hajatazamwa bado."

Kweli. Kwa kelele zote zile, hakuna aliyejua kama jike ametaga. Fundi aliwasha tochi. Kifuniko cha tangi kilikuwa kioo kizito. Alikinyanyua kwa mikono miwili kama kawaida, akakiegemeza ukutani. Lakini chungu kilitazama nyuma, na nyuma palibandikwa karatasi nyeusi. Hakuna pa kuchungulia.

"Ngoja," Daktari alisema. Alikwenda kwenye mkoba wake akarudi na kile kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, cha kutazamia meno ya nyuma. Kilikuwa kipya, bado kwenye karatasi yake. "Jaribu hiki. Mwambie afungue mdomo."

Fundi alicheka huku machozi bado yako kwenye kidevu. Alikizamisha kioo taratibu nyuma ya chungu, Daktari akimshikia tochi, bega lake likigusa lake. Kiooni likaja giza, kisha jicho moja lenye mstari mweusi, lenye hasira. Jike alikishambulia kioo, tik, tik. Fundi akakiinamisha kidogo. Juu, kwenye dari ya chungu, kulikuwa na mayai, yamebandikwa moja moja kwa mpangilio, mekundu kama punje za ufuta zilizotiwa rangi. Jike aliyarudia, akayapepea kwa pezi lake ili yapate hewa, kwa bidii ya mtu asiye na habari na mambo ya binadamu.

"Ametaga?" Daktari alinong'ona.

"Ametaga."

"Basi uliahidi."

Fundi alimwangalia kwa mwanga wa tochi unaotoka majini, uso wa kahawia, nyusi zimelowa. Daktari alikuwa anamtazama yeye. Si kwa ile furaha ya mlangoni. Kwa wasiwasi mtupu, kama mgonjwa anayengojea kuambiwa jino litang'olewa au litabaki.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Mwanaume wewe, ndiyo. Na ovaroli siitupi."

Daktari alimshika mkono uliolowa maji ya tangi, akaubusu hivyohivyo, na ladha yake. Bibi kwenye kochi alianza kulia upya, safari hii kwa sauti ya kuwafurahisha wote.

"Na wewe Mama usijifiche," Fundi alimchokoza, ili aache kulia. "Hongera zako. Kwenye chungu ulinishinda. Mimi nilikigeuza kitazame sebuleni kwa ajili ya watu, na kwa mtindo huo asingetaga hata mwaka mzima. Sikilidi anataka mlango wake utazame pembeni, pasipo na macho. Nani alikufundisha kukigeuza?"

"Chungu gani?" bibi aliuliza.

"Hiki. Cha udongo. Ulichokuwa unakigeuzia ukutani."

"Mwanangu, mimi sijawahi kutia mkono mle." Alionekana kushangaa kweli. "Kile kifuniko nakiweza wapi? Chakula napitishia kwenye ile pembe ndogo iliyokatwa, kwa kijiko. Chungu nilidhani unakigeuza wewe."

Fundi alimtazama Daktari. Daktari akatikisa kichwa, polepole. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Umeme ukarudi. Pampu ikakohoa, ikaanza kukoroma, mapovu yakapanda, na mwanga wa kahawia ukaijaza sebule. Bibi alikuwa kulia, kwenye kochi, shali ya manjano imetandazwa mapajani pake, wazi kabisa kwa yeyote mwenye macho. Samaki hawakuijali. Wote, dume, jike wa pili na kundi zima la vijisamaki, walikuwa wamejipanga kwenye pembe ya kushoto, pua zimegusa kioo, wametulia, wanakitazama kiti.

Daktari alimbana mkono Fundi mpaka ukauma. Fundi hakuutoa. Maneno ya Shangazi yalimjia, kwamba viatu atanunua vingine, na mlango haukuwa mbali. Kisha akamtazama yule jike wa manjano aliyekuwa amechomoza, akaona pametulia, akarudi kwenye mayai yake bila wasiwasi wowote.

Alikinyanyua kifuniko, akakirudisha juu ya tangi bila kugusa kitu ndani. Akapangusa mikono kwenye ovaroli. Akakigeukia kile kiti.

"Asante, dada," alisema. "Chungu nitakiacha hivyohivyo."